Gari limefika, mgonjwa je?

Sisi wakimbizi tumezoea kuhesabiwa. Tunahesabiwa mpakani, tunahesabiwa kwa chakula, kwa blanketi, kwa sabuni. Na hapa Nkamira, katika Kanzenze, mgonjwa akizidiwa na gari likamchukua kuelekea Gisenyi, naye anahesabiwa: umri, ugonjwa, saa ya kuondoka. Mama mmoja wa kwetu Kivu, tulipokuwa tumekaa foleni, aliniambia: “Banatuhesabu tu, lakini jibu habatuletee.”

Maneno yake yamenifanya niulize jambo ambalo naona linatuhusu sote, wakaaji na wafanyakazi wa mashirika. Je, ni haki kumfanyia mtu utafiti wakati roho yake iko mkononi, mbali na hospitali, hana hata nguvu ya kusema ndiyo au hapana?

Wengi wetu tunajibu haraka: hapana, msaidieni kwanza. Mimi pia moyo wangu unaelekea huko. Lakini tuangalie kisa kimoja cha kweli.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh, vijijini, mbali na hospitali. Watu 17,826 walioshukiwa kuwa na malaria kali na wasioweza kumeza dawa, wengi wao watoto wadogo, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa artesunati, ile ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, kabla ya kuanza safari. Nusu walipewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Wote waliambiwa waende kliniki haraka.

Waliofika ndani ya saa 6, dawa ile haikuleta tofauti ya uhakika. Lakini kwa waliochelewa zaidi ya saa 6 mambo yalikuwa mengine. Kati ya 1,566 waliopata dawa, 29 walikufa au walibaki na ulemavu wa kudumu. Kati ya 1,519 ambao hawakupata, walikuwa 57.

Mzazi akisoma hesabu hii atauliza: kwa nini wale wengine walinyimwa? Swali lake ni halali. Jibu la watafiti ni kwamba wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika. Pengine dawa ingeokoa. Pengine mtoto angepata nafuu kidogo, wazazi wakaona amepona, wakaahirisha safari, akafia nyumbani. Nakubali kwamba shaka ya namna hiyo, ikiwa ni ya kweli, inaweza kuruhusu utafiti. Ila kuna jambo halisemwi sana: shaka ile ilibebwa na watu wanaoishi mbali na barabara. Aliye karibu na daktari hakuwa sehemu ya swali. Kwa hiyo waliobeba mzigo ndio wenye deni la kulipwa, na malipo yao ni jibu linalofika mpaka kwao.

Basi, tuseme dawa ilionekana kufaa. Tungeweza kuishia hapo na kuigawa kila mahali. Kuanzia 2018 watafiti walifuatilia dawa hiyohiyo ilipokuwa ikitolewa katika maisha ya kawaida huko Kongo, Nijeria na Uganda. Hawakuhesabu vidonge vilivyogawiwa tu. Walirudi siku ya 28 kuuliza: mtoto yuko wapi? Waligundua kwamba vifo havikupungua. Kuna watoto waliopewa dawa na hawakufika hospitali, na kuna waliofika lakini hawakupata matibabu kamili. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zisiendelee kwanza kuipanua, na mwaka 2023 likatoa mwongozo mpya unaosisitiza kwamba dawa hiyo haifai kitu bila safari na matibabu yanayofuata.

Kama wangehesabu vidonge tu, ripoti ingekuwa nzuri sana na watu wangepiga makofi. Kumbe huruma bila kufuatilia inaweza kutudanganya, anayetoa na anayepokea.

Ndiyo maana sisemi tukatae kuhesabiwa. Rwanda ina huduma ya magari ya wagonjwa, SAMU, tangu 2007, unapiga 912. Ina wahudumu wa afya wa kijiji waliochaguliwa na majirani zao. Ni vitu vya kushukuru. Lakini saa ambayo gari lilifika haituambii kama mtu alipona. “Alikabidhiwa hospitali” si mwisho wa habari. Mwisho wake unajulikana na familia, na mara nyingi familia haiulizwi.

Basi naomba mambo manne. Utafiti wa dharura ufanyike pale tu ambapo shaka ni ya kweli. Mgonjwa asiyeweza kuulizwa kabla, yeye au ndugu zake waelezwe baada, kwa lugha wanayoelewa, na waweze kukataa habari zao zisitumiwe. Anayekataa asipoteze gari, dawa wala chakula. Na jibu lirudishwe.

Hilo la nne ni gumu zaidi kwetu, maana Nkamira ni mahali pa kupita. Mtu anaulizwa leo, baada ya muda anapandishwa basi kwenda Mahama, na matokeo yakitoka hayupo. Wafanyakazi wa mashirika, ninyi mnajua kutufuata na kadi zetu za mgao toka kambi moja hadi nyingine. Njia hiyohiyo inaweza kubeba jibu. Nasi wakaaji, mtu akija siku ya 28 kuuliza mtoto yuko wapi, tumfungulie mlango, hata kama habari ni ya msiba. Kisha tumuulize naye: atarudi lini kutuambia alichokipata?