Ana pesa ngapi?

Jioni moja hapa Gisenyi, baada ya mazoezi, vijana wangu walizunguka simu moja. Walikuwa wanasoma habari za Awer Mabil, yule aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya Sudan. Nilidhani wataniuliza ile penalti aliyofunga Juni 2022 dhidi ya Peru, siku Australia ilipopata tiketi ya Kombe la Dunia. Wapi! Swali lao lilikuwa: "Kocha, huyu ana pesa ngapi?"

Ukurasa mmoja ulisema hivi, mwingine ukasema zaidi. Nikawaambia ni makisio tu. Mtu anachukua mshahara aliousikia, anazidisha kwa miaka, basi. Hajui kodi, hajui fungu la wakala, hajui ni ndugu wangapi wanapiga simu kila mwisho wa mwezi. Hata ile pesa klabu inayotoa kumnunua mchezaji inakwenda kwa klabu aliyotoka, siyo mfukoni mwake. Na kwa sheria ya FIFA, asilimia 5 inagawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23.

Kijana mmoja akashtuka. "Tangu miaka 12? Si alitoka Kakuma akiwa na 10?"

Ni kweli. Familia yake ilihamia Adelaide mwaka 2006. Kwa hiyo Kakuma haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Mama aliyegawa posho ili itoshe, wakubwa waliomwachia nafasi kwenye vumbi, hakuna anayewaandika popote.

"Basi tunamdai," akasema mwingine. Wote wakacheka, mimi nikashindwa kucheka.

Maana nami nina mtu ninayemdai. Dada yangu mkubwa alipata safari ya Marekani. Nilimpigia hesabu kama ukurasa ule: dola kadhaa kwa saa, mara saa, mara wiki. Alipochelewa kutuma, nikasema amebadilika, sasa ni muzungu. Miezi ikapita bila kusalimiana. Kumbe alikuwa anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, vidole vimevimba, na kodi ya nyumba inameza karibu yote. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza. Nilimuuliza pesa tu.

Sisemi deni halipo. Anayekula alicholelewa na wengi anadaiwa, hilo siwezi kulikana. Ila nani ana haki ya kulidai? Mabil alirudi mwenyewe: mwaka 2014, bado kijana mdogo, yeye na kaka yake walianzisha Barefoot to Boots, wakaanza kupeleka viatu vya mpira Kakuma. Nadhani uzuri wake ni kwamba hakuna aliyemshikia kalamu. Angelazimishwa, ingekuwa kodi nyingine.

Niliwaeleza vijana hivyo. Wakasikiliza vizuri sana, halafu yule yule akauliza: "Pea ngapi?" Tukarudi uwanjani na mpira wetu wa majani ya migomba.

Jumapili nitampigia dada. Sitaomba kitu. Najua ataniacha niongee kwanza, akingojea nifike kwenye pesa.