Nani Alilipa Gharama ya Mwaka 1976?

Ng'ambo upo mchezo wa kuvingirisha matufe mazito juu ya majani yaliyokatwa vizuri, ili yasimame karibu na kijipira cheupe. Bingwa wake mkuu alikuwa David Bryant, Mwingereza, aliyepata kuwa mwalimu wa shule kama sisi. Alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1966, akautwaa tena mwaka 1980 na 1988. Mchezo wa namna hiyo humngoja mtu.

Mbio hazimngoji. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, Bryant alipata dhahabu. Katika michezo hiyohiyo Filbert Bayi, mwenyeji wa Karatu, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand.

Mwaka 1976 ikaja Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ziarani kwa makaburu wa Afrika Kusini, basi nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia michezo. Bayi hakukimbia. Mwaka huohuo mashindano ya dunia ya matufe yalifanyika Johannesburg kwenyewe!

Je, ilikuwa haki? Twaona kususia kulikuwa sawa kabisa. Lakini jambo kuwa sawa si kusema gharama yake imegawanywa sawa. Sisi tulikuwa vijana wa shule. Tulipiga makofi, tukarudi darasani, hatukupungukiwa na kitu. Hapa Nyarugusu tumezoea wachimbao kuwa wengi na avaaye dhahabu kuwa mmoja. Kwa Bayi ilikuwa kinyume: mmoja alitoa, heshima tukaivaa wote.

Wako wasemao kwamba mwanamichezo ni mtumishi wa taifa, hana la kudai. Hatukubaliani nao. Uamuzi ulikuwa wa nchi, na deni lake ni la nchi.

Mwaka 1980 kule Moscow Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Baadaye alifungua shule.

Na zile mita 1,500 za Montreal? Hatusemi Bayi angeshinda. Mbio hazikimbiwi ubaoni kwa chaki. Alishinda Walker, kwa dakika 3 na sekunde 39.2.