Habari Ni Nyingi, Jirani Ni Nani?

Somo: Nehemia 1:1–11, Matendo 17:10–21, Mithali 18:17



Ikifika saa moja jioni, nyumba nyingi hapa kwetu, kuanzia Maua hadi Siakago, huwa zimeshawasha runinga. Taarifa ya Kiswahili ikiisha, tunangoja ile ya Kiingereza ya saa tatu. Katikati ya hizo mbili simu hailali. Kikundi cha ukoo, kikundi cha chama, hata kikundi cha kwaya, kila mtu anatuma habari za hivi punde. Asubuhi kabla ya chai, Muuga FM au Wimwaro FM imeshatuambia tena yale yale. Na aliye na dekoda ya kulipia anaongeza BBC, CNN na Al Jazeera.

Wazazi wetu hawakuishi hivi. Walikuwa na Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC, nayo ilikuwa sauti ya serikali. Mwaka 1990 ikaja KTN, na tangu hapo mlango ukafunguka. Tunamshukuru Mungu kwa mlango huo. Lakini sasa kuna swali ambalo wazazi wetu hawakulazimika kujiuliza: Je, aliyeokoka ana wajibu wa kujua kila kitu kinachotokea duniani? Na akishajua, anadaiwa nini?

1. Masikio ya Athene na masikio ya Nehemia

Luka anaeleza kwamba watu wa Athene walizoea kushinda wakisaka jambo jipya la kusikia na la kusimulia. Hawakuwa wajinga, ulikuwa mji wa wasomi. Paulo alipowaletea habari ya ufufuo, wengine walicheka, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, wachache wakaamini. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa habari moja zaidi katika siku iliyojaa habari.

Sasa mwangalie Nehemia. Alikuwa Shushani, katika jumba la mfalme, kazi nzuri, hana shida yoyote. Nduguye Hanani alipofika na watu wa Yuda, Nehemia ndiye aliyeuliza kwanza. Aliuliza kuhusu watu na kuhusu mji. Akaambiwa watu wako taabuni, ukuta umebomoka, malango yameteketea. Akaketi, akalia, akafunga, akaomba. Huo ulikuwa mwezi wa Kisleu. Alipopata nafasi ya kuzungumza na mfalme ulikuwa mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Habari moja ilikaa ndani yake miezi minne, kisha ikawa safari, mbao na mawe. Sisi habari ya jana asubuhi imeshatutoka.

Mwathene aliuliza kuna nini kipya. Nehemia aliuliza watu wako wanaendeleaje. Ukiwasha runinga leo jioni, swali lako ni lipi kati ya hayo mawili?

2. Kamera husimama mahali pamoja

Mwezi wa Mei 2024 tuliliona jambo hili kwetu wenyewe. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, kisha Taita Taveta. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya kusimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi kwa muda, naye Rais alikuwa ameshasema kwamba hayana nguvu ya kisheria.

Kamera ikisimama Mbeere inaona shamba, mkulima na karo ya shule. Ikisimama Mombasa inaona mama ambaye mwanawe hatoki tena maskani. Wote wawili ni watu wa kweli. Mkulima hakudanganya kuhusu karo, na mama hakudanganya kuhusu mwanawe. Lakini tuambiane ukweli: ni vikundi vingapi vya maombi huku kwetu vilivyomtaja mama yule kwa Bwana? Na ni vingapi huko Pwani vilivyomtaja mkulima? Kila upande ulitazama picha iliyoutetea, ukaituma mbele, ukalala.

Mithali inatufundisha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amuulize. Hiyo haimaanishi kwamba pande zote mbili huwa na haki sawa siku zote. Inamaanisha kwamba hujui bado. Taarifa nzuri ya habari ni ile inayomleta yule wa pili akasikika. Ile mbaya inakuacha na wa kwanza, kisha inakupa hasira ya kulala nayo.

3. Sisi tukitazamwa, na sisi tukitazama

Mwaka 2015 tulionja ubaya wa kusimuliwa na mgeni. Aprili 2, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Nchi ilikuwa bado na kidonda wakati Rais Obama alipokuwa akijiandaa kuja, mwezi wa Julai. CNN ikatangaza kwamba anakuja katika kitovu cha ugaidi. Wakenya walilia mitandaoni hadi mkuu mmoja wa CNN, Tony Maddox, akafunga safari mwezi wa Agosti kuja Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Tulikasirika kwa haki. Nchi nzima yenye shule, mashamba na makanisa ilikuwa imefanywa neno moja.

Lakini sisi nasi, Mkongo tunamjuaje? Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, tulimwona mtu wa Goma akikimbia na godoro kichwani, na baada ya dakika mbili tukaletewa kandanda. Sudan iko vitani tangu Aprili 15, 2023. Wangapi wetu tunaweza kutaja mji mmoja wa huko usiokuwa Khartoum? Kwetu sisi pia, nchi nzima imekuwa neno moja.

Usifikiri dawa ni kuhama chaneli. Vituo vingi duniani, vikubwa na vidogo, hununua picha za mbali kutoka mashirika machache kama Reuters, AFP na AP. Unaweza kuona mkanda ule ule kwenye chaneli nne ukadhani umesikia mashahidi wanne, kumbe ni shahidi mmoja amebadilisha shati.

Tena kabla ya kuuliza kituo kipi ni bora, uliza kinakula wapi. BBC hulipiwa zaidi na ada ya nyumba zenye runinga huko Uingereza. Al Jazeera hugharamiwa na Qatar. CNN na vituo vyetu vya binafsi huishi kwa biashara, hasa matangazo, kwa hiyo vinahitaji usiondoke mbele ya kioo, na hofu ni kamba nzuri ya kumfunga mtu kitini. KBC ni ya serikali. Hakuna kati ya hivi kinachosema uongo kwa sababu hiyo tu, lakini kila kimoja kina mahali ambapo kinaona haya kuuliza.

4. Basi tuzime?

Wapo wapendwa wanaosema, "Zima hiyo kitu, soma Neno." Kuna hekima hapo, na nyumba nyingine ingepona kwa kuzima. Lakini tuwe waangalifu, kwa maana kimya nacho kina madhara yake.

Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN, na giza hilo likaendelea kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kutangaza moja kwa moja, na vingine vikazimwa kabisa hadi mahakama ilipoingilia. Je, siku hizo tulikuwa na amani zaidi? Uvumi ndio uliojaa kwenye simu.

Au angalia jirani zetu wa Tanzania mwaka 2021. Rais John Magufuli hakuonekana hadharani tangu mwisho wa Februari. Magazeti ya huku Kenya yakaanza kuuliza. Kule kwao watu kadhaa walikamatwa kwa madai ya kueneza uvumi. Machi 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye runinga kutangaza msiba. Kwa majuma hayo, watu wa nchi nzima hawakuwa na pa kuuliza habari za rais wao. Nehemia angeishi hivyo, asingejua kwamba ukuta umeanguka.

Na hili linatugusa sisi wenyewe kama kanisa. Aprili 2023 habari za Shakahola zilipotoka, wapo waliosema vyombo vya habari vinawapiga vita wahubiri. Kila jioni idadi ya miili ilipanda, hadi ikapita 400. Kwa siku za kwanza tulishika vichwa. Baada ya wiki tatu tulikuwa tunauliza, "Leo wamefukua wangapi?" huku tunakula ugali. Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kutaka kamera iondoke kwa sababu inatuaibisha, ilhali bila mtu kuuliza wangezidi kufa watoto. Ya pili ni kuzoea hesabu mpaka mtoto aliyekufa njaa anageuka kuwa namba. Anayekataa kuona na anayeona mpaka akazoea hufika mahali pamoja: hakuna anayelia.

5. Tufanye nini?

Punguza. Taarifa moja kwa siku inamtosha mtu wa kawaida. Habari ambayo ni muhimu kweli itakuwepo hata kesho. Meza ya chakula na saa ya ibada ya nyumbani ziwe bila runinga na bila simu.

Pima. Waberea walipokea neno la Paulo kwa furaha na bado wakalichunguza kila siku. Kama walimpima mtume, sembuse ujumbe uliotumwa na mtu usiyemjua? Uliza: Nani anasema? Alikuwepo? Upande wa pili uko wapi? Ukikosa majibu, usisambaze. Sheria ya Musa, katika Kutoka 23, inatuonya tusieneze habari ya uongo, na haituachii nafasi ya kujitetea kwamba tulitumiwa tu.

Beba. Kila wiki chagua habari mbili tu za kubeba, moja ya mbali na moja ya karibu. Ya mbali, iombee kwa majina ya miji na watu. Usiseme ya mbali haituhusu. Uingereza ilipoharamisha miraa Juni 24, 2014, na Somalia ilipoifungia kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022, London na Mogadishu zilifika hadi kwenye sufuria za Igembe, hata za yule asiyekubaliana na jani lile. Ya karibu, nenda kwa miguu. Mama wa nyumba ya tatu aliyefiwa hatatangazwa na kituo chochote. Habari yake umepewa wewe peke yako.

Hatutaulizwa kama tulijua yote yaliyotokea duniani. Yule mtu aliyepigwa na kuachwa njiani kuelekea Yeriko alionwa na watatu. Wote watatu walikuwa na habari kamili.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:

1. Taja habari moja ya wiki hii ambayo bado unaikumbuka. Imekufanya ufanye nini?

2. Ni nani ambaye umewahi kumsikia kwa upande mmoja tu? Utaupata wapi upande wake wa pili?

3. Katika kijiji chetu, ni habari ya nani ambayo haijatangazwa na sisi tunaijua?