Sampuli Kavu

Ujumbe uliingia saa nne usiku: "Bosi, unafanyanga projekti za chuo?" Nilikuwa kibandani kwangu Matunda, pale barabara ya Eldoret kwenda Kitale inapopita Likuyani, namalizia kadi za harusi. Kazi yangu ni kuchora na kuunda tovuti: mabango ya makanisa, nembo za saluni, fulana za kampeni, kurasa za maduka. Nikajibu kama mtu mwenye kodi ya kulipa: nafanya.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, masomo ya kompyuta. Alihitaji mfumo wa kusajili dawa za zahanati: ipi imeingia, ngapi zimetoka, ipi inakaribia kuharibika. Tukapatana shilingi 15,000, nusu mwanzo, nusu mwisho, zote kwa M-Pesa. Niliujenga kwa wiki tatu. Nikamwandikia hata maswali ambayo jopo lingemuuliza, pamoja na majibu. Akapita. Akanitumia picha akiwa amevaa joho, na chini yake: "Bila wewe nisingetoboa, mazee." Nilicheka. Halafu nikaitazama ile picha tena, nikashindwa kuelewa kwa nini nimekasirika.

Niseme ukweli: sehemu ya hasira hiyo ilikuwa wivu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika. Yaliyobaki nimejifunzia YouTube, kwa bando za usiku. Kwa hivyo mimi ninayejua sina cheti, na mwenye cheti hajui. Ukiangalia hivyo, unaweza kusema mfumo wenyewe ndio mwongo, na mimi nilikuwa tu najichukulia haki yangu kwa mlango wa nyuma.

Tena siko peke yangu. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka wa 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, inaonyesha Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Huko England, sheria ya mwaka wa 2022 ilifanya kuuza huduma hiyo kuwa kosa la jinai. Kwetu vijana, mjadala huishia kwa maneno matatu: kazi ni kazi. Wazee walishasema kabla yetu, mwenye njaa hana miiko, na siwezi kuidharau methali hiyo, nimelala nayo. Lakini njaa inaeleza kwa nini nilifanya. Haielezi nilichofanya ni nini.

Jibu nililipata kwa mahindi. Likuyani ni nchi ya mahindi. Wakati wa mavuno turubai hutandazwa kila mahali penye jua, kwa sababu Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Sasa fikiria broka mwenye lori la mahindi mabichi. Anakuja kwa mama yangu, ambaye ameanika yake vizuri, anamwomba debe moja kwa bei nzuri. Debe hilo ndilo analopeleka kupimwa. Mashine inasema kweli: haya ni makavu. Mama hajadanganya, ameuza mahindi mazuri. Lakini kama alijua kuwa debe lake linaenda kusimama mahali pa lori zima, je, bado aliuza mahindi tu?

Mimi nilijua. Sikuuza mfumo wa dawa. Niliuza sampuli.

Na sampuli si mchezo. Mwaka wa 2004, watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Hakuna anayepima unyevu mezani, ugali ukishapakuliwa. Mlaji anaamini kuna mtu alishapima. Cheti nacho ni hivyo hivyo. Mgonjwa hamuulizi aliyeunda programu inayohesabu dawa kama kweli anaijua kazi yake. Anaamini kuna jopo lililouliza.

Rafiki yangu mpiga picha alinipinga. "Basi usimtengenezee mwanafunzi yeyote hata slaidi moja." Nikamwambia hapana. Kuna mwanafunzi wa uuguzi aliyenijia na utafiti wake kuhusu chanjo, akitaka bango la maonyesho ya chuo. Nilimpangia rangi, nikachora grafu kwa takwimu alizokusanya mwenyewe. Huyo anapimwa uuguzi. Hakuna atakayemwajiri kwa kuchagua herufi za kupendeza. Bango hilo hilo, kama lingeletwa na mwanafunzi wa usanifu wa michoro, lingekuwa debe la broka. Mikono ni ileile, kompyuta ni ileile, pengine hata bei. Kinachobadilika ni kile ambacho mwalimu anadhani anapima.

Kwa hivyo siku hizi, kabla ya kutaja bei, nauliza swali moja: mwalimu wako akijua ni mimi nimefanya hii, alama zitabadilika? Wengine wanajibu bila kufikiria, nao tunaanza kazi. Wengine hawapatikani tena.

Halafu yule wa dawa akapiga simu. Alikuwa amepata kazi, na wakubwa walitaka aongeze kitu kwenye mfumo wa ofisi. "Nisaidie mara ya mwisho, ndugu yangu. Nitakupa 20,000." Nilikuwa nadaiwa kodi ya kibanda miezi miwili. Nilinyamaza kwa muda, naye akadhani laini imekatika. Nikamwambia: njoo na kompyuta yako, nikufundishe, mia tano kwa siku.

Alikuja Jumamosi mbili. Ya kwanza, nilimfungulia mfumo ule uliompa digrii, nikamwomba anieleze jedwali moja tu. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, "Sijawahi kuifungua hii." Tukaanzia hapo.

Jumamosi ya tatu hakuja. Labda alimpata mtu wa 20,000. Kodi bado nadaiwa, na sitadanganya kwamba sikuzihesabu hizo pesa kichwani.