Tafakari ya Ramadhani, siku ya 17: Hofu ya mgonjwa na ndimi zetu

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama.

Kuna maneno tunayarusha ovyo sana: "Subiri tu, zidisha imani." Hivi tunamwambia nani?

Mei 2020, tukiwa ndani ya Ramadhani, Ziwa Victoria lilipanda mpaka likapita kimo cha 1964. Mei 2024 likapanda zaidi ya hapo. Sasa mfikirie mwenye sukari anayeishi karibu na maji na anachoma insulini. Maji yakiingia ndani, yeye hahesabu godoro na vyombo tu. Dawa yake inataka ubaridi na umeme hakuna (mwenye mtungi wa udongo ana nafuu kidogo). Kadi ya kliniki imelowa. Usiku halali, na mwili wenye hofu hutoa homoni zinazoweza kupandisha sukari hata kama hajala kitu. Hapo ndipo tunamfuata kumwambia tawakkul yake ni ndogo!

Jamani, someni Surat Yusuf. Nabii Yaaqub (a.s.) alishika subira njema, na bado huzuni ikamharibu macho. Msiba uliingia mpaka mwilini, Qur'ani haikuficha, wala haikumvua daraja lake. Alisema anampelekea Allah huzuni yake. Hakusema hana huzuni. Waliomlaumu kwamba hamsahau Yusuf walikuwa watu wa nyumbani kwake. Naona na sisi tumekaa upande wao.

Wapo pia wagonjwa wanaojilazimisha kufunga baada ya balaa, wakidhani wakila wataongeza adhabu. Nani alitupa kazi ya kufasiri mafuriko ya jirani, mimi sijui. Ninachojua, ruhusa ya mgonjwa ipo katika al-Baqara, aya ya 184 na 185. Mwenye kutarajia kupona atalipa siku nyingine. Asiyetarajia, atalisha maskini kwa kila siku. Daktari akikuzuia kufunga, kula bila kuona haya. Na sisi tuache kuchungulia sahani yake.

Leo jioni ukimpelekea futari mtu aliyehama nyumba kwa sababu ya maji, muulize na dawa anaiweka wapi. Kama una friji, mpe nafasi. Akitaka kulia, kaa naye, usimkatishe.

Wabillahi tawfiq.