Kutu ya Kupaka

Yuko fundi mmoja wa rangi za magari katika Manzese ambaye mchana hunyoosha milango na bampa za motokaa zilizogongana, na usiku, kazi ya ujira ikiisha, hutengeneza kichwa cha gari moshi kinachoweza kubebwa kwa mikono miwili. Karakana yake ni uani, nyuma ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo ngurumo ya mabasi haikomi. Nilimjua kwa sababu ya mkwaruzo wa gari langu. Nikamzoea kwa sababu ya swali ambalo kazi yake ya usiku ililizusha. Swali lenyewe ni hili: mtu anayepaka kutu juu ya kitu kisicho na kutu, je, asema kweli au asema uongo?

Haifai kulijibu kabla ya kujua jinsi kazi inavyofanywa. Mwili wa kichwa kile ulikatwa katika mabati ya makopo ya mafuta ya kupikia, mabomba yake yakawa nyaya za shaba, na viungo vikaungwa kwa lehemu. Kipimo alichochagua fundi ni moja kwa arobaini, hata njia ya reli ambayo kwa kweli ina upana wa mita 1 ikawa milimita 25. Ribiti, yaani misumari ile inayobana bati na bati, alizitokeza moja moja kwa kubonyeza sindano butu upande wa nyuma wa bati kando ya rula. Ikipotoka moja, safu nzima hutupwa. Kisha hufuata rangi ya kwanza, nayo ni ya kijivu. Rangi hii haina huruma. Kila tundu na kila tone la lehemu lililojificha katika mng'aro wa bati hufichuka mara moja, na fundi hurudi kwenye msasa, pengine mara nne au tano.

Hapo ndipo nilipopata fundisho la kwanza. Nilidhani kwamba njia ya uaminifu kabisa ingekuwa kutafuta rangi ile ile iliyopakwa gari la kweli na kuipaka juu ya mfano. Fundi alicheka. Rangi, alisema, haipungui pamoja na bati. Ukipaka tabaka yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, katika kipimo chake ni kama kulipaka gari la kweli rangi ya milimita 4, na ribiti zote zitazama. Kwa hiyo huizimua rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, huipuliza kidogo kidogo, na huichanganya na nyeupe kiasi, maana kitu kidogo kikipakwa rangi iliyoiva huonekana cheusi kuliko kile kikubwa kionekanavyo kwa mbali. Basi, ili mfano ufanane na kweli, yampasa fundi aiache kweli yenyewe hatua chache. Wanaohubiri kwamba ukweli ni kunakili tu wangefaa kukaa jioni moja katika ua ule.

Kichwa alichokuwa akikifuata ni namba 3020, kilichopewa jina la Wanyaturu wa Singida. Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilikuwa na desturi ya kuvipa baadhi ya vichwa vyake majina ya makabila ya nchi hizi, na vingine majina ya milima. Aina hii ya 30 ilijengwa Glasgow katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya kati ya Tanganyika. Na kwa kuwa reli ile hupita nchi kavu, behewa lake la nyuma lilifanywa kubwa ili kuchukua maji mengi. Moto wake ulikuwa wa mafuta, si wa makaa. Namba 3020 hakikuyeyushwa kama vingi vya wenzake. Kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, kikiwa katika rangi ile ambayo sisi huiita damu ya mzee.

Fundi hajapata kukiona. Alifanya kazi kwa picha, tena kwa agizo la jirani zake, ambao walitaka kumpa zawadi babu yao. Mzee huyo alianza kazi Tabora akiwa kijana wa kufuta vichwa vya gari moshi, akapanda akawa mchochea moto, na ustaafu wake ukamleta Manzese kwa wanawe. Mfano ulikamilika kwa muda wa miezi saba. Baada ya damu ya mzee kukauka, fundi alifanya jambo analolipenda kuliko yote: alikizeesha. Alizimua rangi nyeusi na ya kahawia, akaimimina juu ya bati, akaifuta kwa kitambaa ili ibaki pembeni na katika maungio. Akatwanga chaki, akakwangua masizi ya jiko la mkaa, na kwa kutu akatumia kutu hasa, iliyopigwa tupa kutoka msumari mkuukuu. Aliitia mlangoni, kwenye ngazi, na ubavuni mwa tangi. Mimi niliona ni kazi ya ajabu. Kichwa kilionekana kama kimetoka Kigoma usiku ule.

Mzee alipoletewa, alikitazama kwa muda mrefu. Wajukuu walingoja afurahi. Akasema, "Mwanangu, mikono yako ina baraka. Lakini mimi nililipwa kwa kufuta. Hapa umenionyesha mtu aliyekula mshahara wa bure."

"Lakini babu," fundi alijibu kwa adabu, "picha zote nilizoziona za magari yale yana kutu."

"Picha hizo zilipigwa nilipokuwa nimekwisha ondoka."

Mzee akaomba kutu iondolewe. Fundi akaona uzito kuiondoa, si kwa kiburi, bali kwa sababu aliamini kwamba gari safi ni gari la dukani. Wote wawili wakaniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma. Na mtu aliyesoma huulizwa mambo ambayo kisomo chake hakikuyagusa.

Nakiri kwamba kwanza nilikuwa upande wa fundi. Niliwaza hivi: kama kila mwenye haya ataruhusiwa kufuta doa lisilompendeza, kumbukumbu zetu zote zitakuwa kama picha za arusi, ambamo hakuna mtu aliyekunja uso. Kitu cha kale kina haki ya kuonekana jinsi kilivyochakaa. Hoja hii bado naiheshimu. Lakini nilipokwenda kukitazama kichwa tena mchana, mbali na taa ya uani inayopendelea kila kitu, niliona kasoro ambayo sikuiona awali. Kutu ilikuwa imekaa kuzunguka mshikio wa mlango na juu ya vyuma vya kushikia ngazini. Sasa, chuma kinachoshikwa na mikono kutwa kucha hakishiki kutu. Hung'aa. Fundi aliitia kutu pale kwa sababu ilipendeza pale.

Hapo mawazo yangu yaligeuka. Rangi safi ya mfano haisemi neno juu ya mtu ye yote. Yaeleza tu nia ya kiwanda. Lakini doa ni habari. Mstari wa mafuta waeleza kwamba mtu alijaza kikombe kikafurika; masizi yaeleza kwamba moto ulitiwa vibaya; kutu yaeleza kwamba siku nyingi zilipita na hakuna aliyekuja na kitambaa. Anayepaka uchafu anatoa ushahidi juu ya matendo ya watu, na watu hao wana majina, na wengine wao wangali hai. Maadamu ni ushahidi, haitoshi uwe na sura ya kweli. Ni lazima kila doa liwe na sababu, na sababu hiyo iwe imetukia. Fundi hakukusudia kumsingizia mzee. Alimsingizia kwa kutokujua, na kwa kupenda uzuri.

Plato, ambaye Waarabu humwita Aflatuni, alilikaribia jambo hili katika kitabu cha kumi cha Jamhuri yake. Alitaja sanaa tatu kwa kila kitu: ya kukitumia, ya kukitengeneza na ya kukiiga. Mtumiaji ndiye ajuaye. Mtengenezaji huamini sawasawa kwa kumsikiliza mtumiaji. Mwigaji hana elimu wala imani sahihi, huiga kile kionekanacho kizuri machoni pa wasiojua. Ni hukumu kali, na katika kutu ya mlangoni ilitimia barabara. Lakini Plato alimfungia mwigaji mlango bila ya kumpa nafasi ya kuuliza. Hapa Manzese mwigaji na mtumiaji walikuwa wakitenganishwa na uchochoro mmoja tu.

Wako watakaosema kwamba haya ni mengi mno kwa ajili ya kitu cha kuchezea. Nami nimekwisha ulizwa kama ni halali mtu kukesha juu ya ribiti katika mtaa ambao mvua ikinyesha maji machafu huingia vyumbani. Sioni kwamba ribiti moja imeziba mfereji wa mtu. Na juu ya kuchezea, nakumbusha habari ya mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba pasipo misumari. Mtepe umetoweka baharini. Walipotaka kuujenga tena Zanzibar mwaka 2003, hapakuwa na mtepe mzima wa kutazama. Elimu iliyobaki ilikuwa ya maandishi na picha chache, na ya mifano midogo iliyotengenezwa na watu ambao yamkini walidhani wanafanya pambo. Kitu kikifa, mfano wake huitwa barazani kutoa ushahidi. Kosa la fundi wa mfano lingeshonwa ndani ya chombo kizima.

Niliwashauri wakae pamoja. Walikaa Jumapili moja, kutoka adhuhuri hata magharibi, nami nikiwa na kazi ya kushika taa. Mzee aliagiza, fundi akapaka. Vyuma vya kushikia vikakwanguliwa rangi vikabaki vyeupe. Kutu ya ubavuni ikaondoka, badala yake ikashuka michirizi myembamba ya weupe chini ya vizibo vya boila, kwa kuwa maji ya visima vya njiani yalikuwa na chumvi. Paa la chumba cha dereva likatiwa masizi makavu, na mchanga kidogo mbele ya magurudumu, pale unapomwagwa ili yasiteleze mlimani. Kisha mzee akakigeuza chini juu. Chini ya tangi fundi alikuwa amepaka kutu pia, akaishika burashi aifute. Mzee akamzuia. "Hapo acha. Hapo kitambaa chetu hakikufika."

Nilimwuliza kama kichwa kilikuwa safi siku zote. Alinyamaza kwanza. Akasema kwamba miaka ya mwisho vitambaa vilipungua, sabuni ikapungua, na watu pia. Lakini miaka hiyo hakutaka ipakwe. Moyo wangu haukutulia, kwa maana shahidi anayechagua siku ya kushuhudia si shahidi mkamilifu. Fundi ndiye aliyetoa shauri bora kuliko langu. Alichukua sindano yake butu, akaandika chini ya tangi, karibu na ile kutu: Tabora 1964. Siku nyingine zikaachwa wazi kwa mtu mwingine na mfano mwingine.

Kichwa hicho sasa kiko nyumbani kwa mzee, si kabatini bali sakafuni, ambako vitukuu hukivuta kwa uzi. Rangi imebanduka kwenye pembe mbili na ngazi moja imepinda. Fundi aliniuliza juzi kama aende akaitengeneze. Nimemwambia amwulize mzee.