Uso Mmoja na Ukuta wa Nyuma: Thamani ya Lenzi ya Kasi katika Chumba cha Kibera

Swali la thamani ya kitu huwa na sura mbili zisizopaswa kuchanganywa: kitu hicho kinauzwa kwa bei gani, na kinamfaa nani kwa jambo gani jema. Mchanganyo huo umekithiri katika uthamini wa lenzi za zamani za kamera za filamu, hasa zile adimu ziitwazo lenzi za kasi, ambazo bei yake hupandishwa na uchache wake kana kwamba uchache wenyewe ni sifa ya kioo. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi maswali hayo mawili huachana waziwazi, kwa kuwa huko lenzi ya namna hii hukutana na hali halisi iliyoundiwa, yaani giza la ndani na nuru ndogo ya jioni, na hapohapo huzua tatizo la kimaadili ambalo ndani ya kabati la mkusanyaji haliwezi kuonekana.

Lenzi huitwa ya kasi kwa sababu tundu lake pana hupitisha mwanga mwingi, hivyo shata, ambayo ni pazia linaloifungulia filamu mwanga, huweza kufunguka na kufunga kwa muda mfupi zaidi. Upana huo huelezwa kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu: lenzi ya milimita 50 yenye tundu la takriban milimita 42 huandikwa f/1.2, na kadiri tarakimu hiyo inavyopungua ndivyo mwanga unavyoongezeka. Mwaka 1961 Canon ilitoa lenzi ya f/0.95 kwa ajili ya kamera yake ya Canon 7. Mwaka 1966 Leica ikatoa Noctilux ya f/1.2, ambayo ugumu wa kuvichonga vioo vyake ulifanya idadi yake isifike 2,000. Na katika mwaka huohuo Carl Zeiss ikatengeneza lenzi 10 tu za f/0.7, ambazo nyingi zilichukuliwa na NASA na tatu zikafika mikononi mwa Stanley Kubrick, aliyezitumia kupiga kwa mwanga wa mishumaa baadhi ya mandhari za filamu ya Barry Lyndon iliyotoka mwaka 1975. Ni jambo la kufikirisha kwamba ustadi mkubwa kiasi hicho ulielekezwa kwenye mishumaa ya maigizo, ilhali nuru hafifu ilikuwa desturi ya kila usiku kwa mamilioni ya watu ambao hakuna aliyewawazia lenzi hizo zilipokuwa zikisanifiwa.

Fundi anayethamini lenzi kama hiyo huanza na kioo chenyewe. Humulika tochi kutoka upande wa nyuma na kutazama kwa pembeni, akitafuta nyuzi nyembamba za kuvu, ukungu ulioachwa na mafuta ya ndani, na mahali ambapo gundi iliyounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Lenzi iliyokaa Mombasa au Lamu, kwenye hewa ya unyevu wa bahari, hukaguliwa kwa makini zaidi kuliko ile iliyokaa Nairobi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Vioo vya baadhi ya lenzi za katikati ya karne ya 20 vilichanganywa na thoriamu, madini yenye mnururisho hafifu ambayo huongeza uwezo wa kioo kupinda mwanga, lakini hukigeuza kuwa cha manjano miaka inavyopita. Manjano hayo hupungua lenzi ikiwekwa kwa muda chini ya mwanga wa urujuanimno. Yote haya ni ya lazima, na fundi asiyeyajua humpotezea mteja pesa, ila yanajibu swali la kwanza peke yake.

Swali la pili hujibiwa chumbani. Chumba cha kawaida cha kupanga katika vijiji vya Kibera kama Gatwekera, Makina au Laini Saba kina kuta za udongo, paa la mabati na ukubwa wa takriban mita 3 kwa 3, na ndani ya nafasi hiyo watu hupika, hulala, husoma na kupokea wageni. Jioni, uso wa mtu aliyeketi karibu na koroboi hupata mwanga mdogo kiasi kwamba filamu ya kasi ya 400 huhitaji, kwa lenzi ya f/1.4, takriban sehemu ya 30 ya sekunde, muda ambao mkono uliotulia huweza kuumudu, ilhali lenzi ya f/4 ingehitaji robo ya sekunde, na mkono wowote ungetikisika. Flashi ingeondoa shida hiyo, lakini ingeifuta pia nuru ambayo watu hao huishi nayo na kuweka nyingine isiyo yao.

Hadi hapo lenzi ya kasi inastahili sifa. Gharama yake imo katika kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana bayana mbele na nyuma ya pale lenzi ilipolengwa: lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.2 na kulengwa umbali wa mita 1 huacha eneo la takriban sentimita 3 tu. Mama mboga anayekatakata sukuma wiki jioni huko Kawangware, akilengwa hivyo jichoni, jicho lake litakuwa bayana hadi unywele wa kope. Sikio litakuwa limeanza kufifia. Kisu, vidole na fungu la mboga linalomlipia kodi ya nyumba vitakuwa rangi zilizoyeyuka. Na jirani anayeuza nyanya nyuma yake hatakuwepo kabisa.

Hapa ndipo swali la lenzi linapogeuka kuwa la falsafa, nalo liko karibu sana na lile lililowatenganisha wanafikra wawili mashuhuri wa Kenya. John Mbiti, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichotoka mwaka 1969, alishikilia kwamba mtu katika fikra za Kiafrika hapatikani peke yake, bali hupata kuwa mtu ndani ya jamii iliyomtangulia na itakayobaki baada yake. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikataa mazoea ya kuizungumzia fikra ya Kiafrika kana kwamba ni mali ya kundi lisilo na majina. Aliwaendea wazee wenye hekima mmoja mmoja, akawauliza maswali magumu, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 akayaweka majibu yao chini ya majina yao wenyewe. Oruka hakuikana jamii, wala Mbiti hakumkana mtu mmoja. Walitofautiana kuhusu nani aletwe mbele na nini kiachwe nyuma, na hilo ndilo jambo ambalo lenzi iliyofunguliwa wazi hulazimika kuliamua kila inapolengwa.

Kwa Kibera, hoja ya Oruka ina uzito wa pekee. Kwa miongo mingi picha inayojulikana zaidi ya mtaa huo imekuwa ile inayopigwa kutoka juu au kutoka kwenye tuta la reli, ikionyesha mabati yaliyoshika kutu yakienda hadi upeo wa macho, na watu, kama wamo, ni nukta. Picha ya namna hiyo huwa bayana kila mahali na haimwoni mtu yeyote. Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayejulikana kwa jina la JR alijaribu kuijibu: alifunika takriban mita za mraba 2,000 za paa za Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo, zilizochapishwa kwenye vinaili isiyopitisha maji ili ziwakinge wenye nyumba na mvua, na kubandika nyingine kwenye mabehewa ya treni ipitayo hapo. Paa zilezile zilizokuwa zikiwameza watu zikalazimika kuwaonyesha. Lenzi ya kasi hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango cha chumba kimoja, na kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa tu kama sehemu ya umati, kutazamwa usoni peke yake ni haki iliyochelewa.

Hata hivyo, hoja ya Mbiti haiondoki, na huko Kibera imejidhihirisha kwa uchungu. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walidai haki ya ardhi kwa miongo mingi kabla ya kukabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Julai mwaka uliofuata, nyumba na shule zilizokuwa kwenye njia ya barabara mpya kati ya Ngong Road na Lang'ata zikabomolewa, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Katika mtaa ambao kuwepo kwake kunabishaniwa, hakuna ukuta wa nyuma usio na maana. Mlango, rangi ya ukuta na kichochoro kinachoelekea kwa jirani ndivyo ambavyo aliyehamishwa huvitafuta katika picha zake ili ajionyeshe mwenyewe na awaonyeshe wanawe mahali palipokuwa kwao, na mpiga picha aliyeviyeyusha kwa sababu tu huko kuyeyuka kunawapendeza wanunuzi amefanya uamuzi mzito kuliko alivyodhani.

Dini nayo ina neno hapa, hasa katika mtaa uliokua kuizunguka jamii ya Waislamu wa Kinubi. Wanazuoni waliokataza kuchora viumbe wenye roho walichelea binadamu kujifananisha na Muumba; Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, alijibu kwamba picha ya kamera haimo katika katazo hilo, kwa kuwa haiumbi chochote bali huzuia tu kivuli cha kitu ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Hoja hiyo ni imara, na inaitosha kamera inayokipa kila kitu haki sawa. Kwa lenzi ya f/1.2 inahitaji nyongeza, kwa maana lenzi hiyo hukubali kivuli kimoja na kukataa kingine. Ibn al-Haytham, katika kitabu chake kikuu kuhusu uoni alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alitofautisha kuona kwa kutupa jicho na kuona kwa taamuli, ambako jicho huhama kutoka sehemu hadi sehemu na akili ikapima na kulinganisha. Mtu anayekitaamali chumba huanzia usoni mwa mwenyeji, akaenda ukutani, akarudi usoni akiwa anajua zaidi. Lenzi iliyofunguliwa wazi humnyima safari hiyo. Kwa hiyo anayeitumia si mzuia kivuli tu, ni mteuzi, na mteuzi hubeba dhima.

Dhima hiyo hupunguzwa na jambo moja lililomo ndani ya ugumu wa lenzi wenyewe, ambalo halitajwi na wauzaji. Kamera inayolengwa kwa mkono, yenye kina cha sentimita 3, haiwezi kumwibia mtu picha kwa urahisi: akigeuza kichwa kidogo, akiinama mbele, fokasi imekwisha kuhama. Mpiga picha hulazimika kumwomba atulie, kuzungusha pete polepole na kusubiri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31, lakini mtu anayepigwa picha na wageni wa matembezi wanaopita kichochoroni ni nadra kupata nafasi ya kuidai papo hapo; lenzi ngumu humwekea nafasi hiyo mkononi, kwa maana asiyetaka kutulia amekwisha kuikataa picha. Sifa hii hupotea mpiga picha akisimama mbali, kwani kwa umbali wa mita 5 kina hicho hufika takriban sentimita 70 na wizi huwezekana tena. Kwa kazi ya chumbani, basi, ni kwa sababu ya ridhaa hii inayodaiwa na kioo, zaidi hata ya mwanga, kwamba lenzi ya namna hii inastahili kuitwa bora.

Mthamini anayetaka kujibu maswali yote mawili anapaswa kuijaribu kwa picha mbili za mtu mmoja katika chumba kimoja, ya kwanza kwa f/1.2 na ya pili kwa f/8. Ya pili itahitaji zaidi ya sekunde moja kwa nuru ileile, kamera ikiwa imetegemezwa juu ya meza au ndoo iliyopinduliwa, na si aliyeketi peke yake atakayelazimika kutulia, bali pia kila jirani aliye mlangoni anayetaka kuonekana. Jaribio hilo likirudiwa kwa matundu ya kati, hufichua kasoro ya lenzi nyingi za kasi: tundu likipunguzwa, mahali pa fokasi husogea nyuma, hivyo jicho lililolengwa kwa tundu wazi huliachia sikio ubayana wake kwa f/2.8, na mpiga picha asiyelijua hilo atailaumu mikono yake bure. Lenzi isiyoweza kupiga picha ya pili haifai kununuliwa kwa kazi ya Kibera, hata kama ya kwanza inastaajabisha. Filamu ikishasafishwa, nakala za picha zote mbili zinapaswa kurudishwa kwa mwenye uso, naye aamue ipi ionyeshwe kwa watu na ipi ibaki nyumbani kwake, hata kama ile atakayoichagua siyo ambayo wanunuzi wa picha wangeilipia.